Grisi Kizingitini

Leo fundi baiskeli alipofungua kopo la grisi, harufu yake ilinirudisha uani kwetu Usagara, huku pwani, kando ya baba. Alikuwa amekuja likizo kutoka bara, kwenye machimbo ya almasi. Alipaka grisi kwenye sinia la mama, akaliinamisha, akamwaga changarawe na maji.

"Tunachimba udongo, tunauponda, tunauosha," alisema. "Mwisho tunaupitisha juu ya grisi. Mawe yote huchukuliwa na maji, mwanangu. Almasi hunasa."

Asubuhi ya kuondoka kwake niliwahi kuamka, nikapaka kizingiti grisi yote iliyobaki. Baba akakanyaga, akateleza, akadaka mlango. Mama akanifokea.

"Mwache," baba akacheka, akifuta kiatu. "Binti yangu, ulitaka nianguke?"

Nilishindwa kumwambia kwamba nilitaka anase. Akabeba sanduku lake, akaenda.

Sanduku lilirudishwa na mwenzake wa kazini. Alisema ukingo wa shimo uliporomoka, ukamfukia.

Mama alideki nyumba nzima kwa ajili ya matanga. Kizingiti alikiruka, maana alama ya kiatu cha baba ilikuwa bado imenasa pale.