Mwalimu Aliyeimba na Kila Mtu

Ilitangazwa rasmi, kwa karatasi iliyogongwa mhuri mara mbili, kwamba mwimbaji ana miguu. Ana pia mgongo, mbavu, pumzi, woga na usingizi, na kuanzia muhula huu Chuo cha Muziki kitavishughulikia vyote kwa pamoja. "Hatufundishi koo," aliandika Mkuu wa Chuo, "tunafundisha mtu kamili, na ustawi wa mtu huyo ndio msingi wa kila noti." Karatasi ilibandikwa ubaoni, kati ya tangazo la funguo zilizopotea na onyo kwa wanaomwaga majani ya chai kwenye sinki.

Mwalimu wa sauti aliisoma akiwa amesimama, mkoba begani, asione jipya. Yeye alikuwa akifundisha miguu tangu enzi ambazo Mkuu mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa tarumbeta, mwenye mashavu ya kupulizia jiko. Alimeza mate, polepole, kwa sababu asubuhi hiyo kumeza mate kulikuwa kazi ya kujipanga.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido. Kilikuwa na kinanda chenye vibonye viwili vilivyogoma, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, mkeka, na kamusi nene isiyo na jalada. Kamusi haikuwa ya kusoma. Mwanafunzi mpya alilazwa chali mkekani, kamusi ikawekwa juu ya tumbo lake, akaambiwa ainyanyue kwa pumzi na kuishusha bila haraka. Akishaelewa tumbo liko wapi, alitembezwa chumbani pekupeku, akitamka maneno ya wimbo kama anayempa jirani habari. Aliulizwa amelalaje, amekula nini, nani kamkera njiani. Wapo waliolia mle ndani kabla hawajaimba hata noti moja. Mwalimu aliwaacha. "Yatoke kwanza," alikuwa akisema. "Yakibaki yatakaa njiani mwa sauti."

Aliyemwonea fahari kuliko wote alikuwa dereva wa lori la takataka, jitu la mabega mapana lililopinda kwa kukumbatia usukani, lenye sauti nzito ya kutoka chini ya sakafu. Alikuja kila jioni baada ya kazi, ameoga hadi ananukia duka zima la sabuni. Wiki za mwanzo hakufanya lolote ila kunyanyua kamusi.

"Mwalimu," alisema siku moja akiwa chali, "kamusi hii nimeimaliza yote kwa tumbo. Nipe basi na wimbo."

Alipewa. Na hapa ndipo palipokuwa na jambo ambalo karatasi ya ubaoni haikulitaja. Mwalimu aliimba na kila mtu. Mwanafunzi akivuta pumzi, naye alivuta. Akifungua kinywa, mwalimu alikuwa ameshatangulia nusu hatua, kama mama anayemvusha mtoto barabara. Asubuhi alipanda na wenye sauti nyembamba hadi darini. Jioni alimfuata Dereva huko chini kusikofika jua. Hadi chuo kinafungwa, alikuwa ameimba chuo kizima, na mabega yake yalishuka ngazi kabla ya miguu.

Jumatatu hiyo hiyo ya tangazo, Mkuu alichungulia mlangoni. "Mama, Alhamisi tuna wageni kutoka makao makuu. Wanataka kumwona huyo mtu kamili. Waonyeshe somo moja zuri, na yule dereva wako."

"Sawa," alijibu mwalimu. Lilikuwa neno lake la mwisho siku hiyo. Usiku mezani alifungua kinywa aombe chumvi, ikatoka hewa.

Aliishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Asubuhi wifi alimpeleka kwa daktari wa koo. Daktari aliingiza kioo kidogo, akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyopendeza.

"Nyuzi za sauti zimevimba, na zimeanza kuota sugu. Unyamaze mwezi mzima. Hata kunong'ona hapana. Ukiendelea kuimba, sauti hii itaondoka, na haitaaga."

Mwalimu alipiga ishara nyingi kwa mikono.

"Anasema Alhamisi ana wageni," wifi alitafsiri.

"Basi awapokee kwa chai," alisema daktari, akaandika cheti.

Njiani wifi aliongea kwa niaba ya wote wawili. "Kinyozi hajinyoi, hilo najua. Lakini wewe wifi yangu unanyoa mji mzima kwa wembe mmoja! Unawauliza watoto wa watu wamelalaje. Wewe umelalaje?" Alisubiri jibu, akakumbuka. "Haya, raha iliyoje. Kaka yangu angekuwa hai angechinja mbuzi, kwa mwezi mmoja wa kimya."

Mwalimu alimfinya mkono. Walicheka, mmoja wao bila sauti.

Jioni, chumbani kwake, aliandika kwenye karatasi: *Sina sauti. Imba wewe.* Dereva alisoma, akapasha mwili moto, akasimama vizuri, magoti laini, mgongo mrefu. Mwalimu alipiga kinanda. Dereva alivuta pumzi ambayo ingetosha kujaza tairi. Akafungua kinywa. Akabaki hivyo.

"Mwalimu, mbona huingii?"

Alimwonyesha kwa kidole: wewe.

"Mimi? Mimi si nakufuata wewe?"

Alijaribu. Mstari wa kwanza ulikwenda. Wa pili, pale sauti inapopanda, uliyumba, ukatafuta pa kushika, ukazimika. Akarudia, ukazimika palepale.

"Ni kama gari la kusukumwa," alisema kwa unyenyekevu. "Likishawaka linakwenda. Ila msukumaji ni wewe."

Jumatano wanafunzi wengine walikuja mmoja mmoja, na mmoja mmoja walizimika. Wote walisimama vizuri. Wote walipumua vizuri. Wote walimtazama mdomo. Baada ya wa mwisho kuondoka mwalimu aliketi kwenye ncha ya mkeka, akavua viatu, akatazama vidole vyake vya miguu kama mali ya mtu mwingine. Miaka yote hiyo alidhani anawasikiliza. Kumbe aliyekuwa akimsikiliza ni yeye mwenyewe, akiwa na wasindikizaji.

Alhamisi wageni waliketi mstari mmoja, vikombe magotini. Mkuu alieleza kuhusu miguu. Dereva, ndani ya shati lililopigwa pasi hadi likawa na makali, alilala chali akanyanyua kamusi, na mgeni mmoja akaguna kwa kuridhika. Alitembea. Alitamka maneno yake kama habari kwa jirani. Kisha akasimama, mwalimu akapiga kinanda, wimbo ukaanza.

Mstari wa kwanza ulikwenda. Wa pili ulipanda, ukayumba, ukakatika.

Dereva alimtazama mwalimu mdomo. Mkuu, nyuma ya viti, alikuwa akichezesha mikono kama anayeita teksi. "Mama," alinong'ona, "mwimbie mstari mmoja tu! Mmoja tu!"

Mbavu za mwalimu zilifunguka zenyewe, bila kuulizwa, kama mlango uliozoea mgeni. Mstari mmoja. Pengine alikuwa nao. Pengine ndio uliokuwa wa mwisho. Hewa ilisimama kooni, ikauma.

Akaitoa kwa pua. Akafunika kinanda, akavuta kiti, akaketi. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona ameketi mtu akiimba.

Dereva alitazama kinanda kilichofunikwa, kisha kiti, kisha dari. "Haya," alisema, kwa ile sauti ya mtu anayerudisha lori kinyumenyume uchochoroni.

Alianza upya, chini zaidi ya alivyofundishwa. Mstari wa pili ulipinda, lakini haukuzimika. Wa tatu ulinyooka. Sauti ilikuwa na mikwaruzo, na mahali pawili haikuwa safi, na kule chini kabisa, mahali ambapo mwalimu siku zote aliamini hapana kitu, palikuwa na noti tatu pana, zimetulia. Alikuwa akizifunika kwa sauti yake. Alizisikia sasa, mikono mapajani, na uchovu wake wote ukamjia kwa pamoja, naye hakuukataa.

Wageni walipiga makofi. "Mmejionea matunda ya mpango wetu," alisema Mkuu, kuhusu mpango uliokuwa na siku nne.

Dereva alichuchumaa mbele ya kiti. "Mwalimu, umenitelekeza."

Alikubali kwa kichwa.

"Mbele za watu, na pasi nimepiga." Alijifuta jasho, akacheka. "Ukipona unitelekeze tena."

Wageni walipoondoka, Mkuu alirudi akiwa na uso unaong'aa. Makao makuu wamefurahi, alisema, na kuanzia Jumatatu wanafunzi wa sauti wataongezwa, mara mbili ya waliopo. Mwalimu alimpa cheti cha daktari. Mkuu alikisoma chote, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akasema kwamba mwalimu naye ni mtu kamili, na chuo hiki hakiwezi kumwacha mtu wake aumie.

Akampa mapumziko ya siku mbili. Ziliangukia Jumamosi na Jumapili.