Gauni la Ubatizo Lililopungua Herufi Mbili

Nakiri kwa hiari yangu kwamba niliwahi kusimama mbele ya usharika mzima huku mgongo wangu ukimtangazia vita mama mkwe wangu, na nakiri sasa, nikiwa mstaafu, kwa sababu tu mkasa huu umekuwa ukisimuliwa kwenye harusi na misiba ya ukoo (nami nikiwa nimekaa pale pale!) kwa makosa ambayo mtu wa kazi yangu hawezi kuyavumilia. Gauni halikuchanika. Mchungaji hakucheka. Na mtoto hakuwa na miezi sita; alikuwa na miezi mitatu kasoro siku nne.

Kazi yangu ilikuwa kuandikisha vizazi na vifo mjini Moshi, na sijutii kwamba nilikuwa mkali. Mtu akileta fomu ya mtoto iliyokosewa herufi moja, nilimwambia, "Fomu ina upungufu," nikamrudishia, akatafute usahihi huko alikotoka. Mzee mmoja wa kanisa wa kijijini kwa wakwe zangu, Meku Eliakimu (meku kwetu ni mzee wa kuheshimiwa), nilimrudisha mara tatu hadi Chekereni, alikozaliwa mjukuu wake, kwa sababu jina la mama wa mtoto liliandikwa Reema badala ya Rehema. Aliniambia, "Mwanangu, ni herufi moja tu hii." Nikamjibu, "Meku, herufi ni herufi."

Sasa, mwanzoni mwa miaka ya tisini nikajifungua mtoto wangu wa kwanza, Aikande, nikapelekwa kwa mama mkwe, kule juu ya Himo, kukaa ndani kama mzazi, jambo ambalo kwetu lina maana ya kulishwa mtori, maziwa na siagi kutwa nzima bila kuruhusiwa kushika hata ufagio. Lazima nieleze kwamba mama mkwe hakunitaka. Mimi nilikuwa Mkatoliki wa Kibosho, yeye Mlutheri ambaye alikwisha kumchagulia mwanawe binti wa mwimbaji mwenzake wa kwaya, na kwa miaka miwili ya ndoa yetu maneno yetu hayakuvuka shikamoo na marahaba. Lakini wiki ya kwanza ya uzazi aliingia chumbani, akaweka doti ya kanga mpya kitandani, na kwenye kila kanga palikuwa na maandishi haya: HATUTAGOMBANA MAMA MKWE.

"Niliiona sokoni Himo," alisema huku akitazama ukuta. "Wameniambia rangi yake haichuji."

Nililia, nakiri na hilo pia. Nikapata ujasiri wa kumwomba ashuke nasi nyumbani kwetu Shirimatunda kumlea mtoto, kwa kuwa likizo yangu ilikuwa inakwisha na sikuwa na mtu mwingine yeyote wa kumwachia.

"Tutaona baada ya ubatizo," akajibu.

Basi mimi, ili ubatizo usiharibike, nikaamua kushona. Mafundi wa mjini wakati ule walikuwa wamepagawa na magauni ya kubana yenye mabega ya sponji, ambayo mama anayenyonyesha hawezi hata kuyafungua, na mitumba ilikuwa imejaa kila kona, lakini mwanangu wa kwanza hawezi kubatizwa na nguo ya mtoto wa Mzungu asiyejulikana. Nikasema nitashona mwenyewe, gauni pana la vifungo mbele kwa ajili yangu na kigauni kwa ajili ya mtoto, vyote kwa kanga zile zile, na maandishi yakae kiunoni kwangu kwa nyuma, yamenyooka kama kichwa cha barua ya serikali, ili kanisa zima lisome kwamba tumepatana. Na iwe siri mpaka siku yenyewe. (Hapo kwenye siri ndipo nilipojimaliza, kwa sababu jicho la mtu mwingine lingeniokoa.)

Cherehani ya mama mkwe ilikuwa chumbani mle mle, nami nikajifungia kila alipokwenda kukata majani ya ng'ombe. Nililaza kanga moja juu ya nyingine, upande wa ndani ukiwa juu kama tulivyofundishwa shuleni, nikaanza na kigauni cha mtoto kwa kuwa ni kidogo, nikakata zote mbili kwa mkupuo mmoja, kisha nikatumia kilichobaki kwa gauni langu, ambalo lilihitaji kitambaa kingi kuliko nilivyotarajia (ule mtori!). Nilipogeuza kigauni, niliona HA kifuani na HA nyingine mgongoni. Nikapendezwa. Nikasema mtoto anacheka. Mimi, niliyekula mshahara wa serikali kwa kuuliza watu herufi imekwenda wapi, sikujiuliza hizi zimetoka wapi.

Siku ya ubatizo nilijifunika kanga nyingine mabegani mpaka kanisani, mtoto nikamzungushia shali. Tulipoitwa mbele, nikavua vyote viwili kwa madaha, nikampa mume wangu avishike, nikatembea kwenye ujia wa katikati mbele ya mabenchi yote, taratibu, ili kila mtu apate nafasi ya kusoma. Wakasoma. Nilisikia minong'ono ikinifuata, kisha mtu akakohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa, kisha mama mmoja akasema wazi, "Mae! Hata kanisani?" nami nikadhani ni wivu. Nikanyoosha mgongo zaidi.

Nilisimama hivyo ubatizo mzima, na mama mkwe alikuwa benchi la kwanza, nyuma yangu kabisa, na anasoma vizuri sana.

Maji yalipokwisha kumwagwa, Meku Eliakimu, aliyekuwa ameshika bakuli, akaniinamia akiwa na uso wa msiba.

"Mama Aika," akanong'ona, "fomu ina upungufu."

"Upungufu gani tena, Meku?"

"Herufi mbili. Huko nyuma unasema TUTAGOMBANA MAMA MKWE." Akamtazama mtoto kifuani. "H na A anazo huyu. Nilidhani nikwambie, maana herufi ni herufi."

Niligeuka ili kuficha mgongo, nikajikuta nimemwonyesha mchungaji. Nikageuka tena, nikawaonyesha watu. Mume wangu, ambaye kanga na shali vilikuwa mikononi mwake, alikuwa anakagua dari la kanisa kana kwamba ametumwa kulinunua. Ndipo mama mkwe akasimama, akaninyooshea mikono, maji bado yakidondoka kutoka kwenye nywele za mtoto.

"Nipe mtoto."

Nikampa. Nilijua anamchukua na kuondoka, na kwamba Shirimatunda ataisikia tu. Akamweka Aikande mgongoni, akamfunga kwa kanga yake chini chini, mabega ya mtoto yakabaki nje pamoja na ile HA. Kisha akaja akasimama kushoto kwangu, begani hata hafiki, akanishika mkono.

"Twende. Usinitangulie, utaniharibia neno."

Tukaenda ubavu kwa ubavu kuelekea benchi la kando, na kwa kuwa yeye ni mfupi, mgongo wa mtoto ulikuwa sawasawa na kiuno changu, na nyuma yetu yule mama wa "hata kanisani" akaanza kusoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, "HA… TUTAGOMBANA… Mae wee, sasa imesomeka!" Vigelegele vikapanda mpaka mchungaji akainua mkono.

Tulipokaa, mama mkwe alinisogelea sikioni.

"Jumatatu tunashuka saa ngapi?"

"Asubuhi, mama."

"Basi hiyo mikasi nitabeba mimi."

Akalea watoto wangu wote watatu. Nami tangu siku ile sijakata kitambaa chenye herufi, hata ile mihuri midogo ya kiwanda huiondoa kwanza, na sishoni tena kwa siri.

Meku Eliakimu naye alipata cheti cha mjukuu wake wiki ile ile niliyorudi kazini, na kwa kuwa wapo wanaodai nilimpa kwa aibu, ijulikane wazi kwamba H ilikuwa imekwisha kurekebishwa. Niliikagua mara mbili, nikiwa nimekaa, mgongo ukutani.