Meno Yaliyokosa Paa

Kuna sauti moja ambayo mpaka leo ikinifikia ghafla hunikausha mate: sauti ya meno ya utoto yakitikiswa ndani ya kopo. Ni sauti ndogo, kama ya punje za mahindi zilizobaki kwenye debe, na mtu asiyejua asingegeuza hata shingo. Mimi najua. Meno hayo ni yangu mwenyewe. Baadhi yaling'oka Karagwe, Tanzania, nilikozaliwa, na mengine Kigali, baada ya sisi kurudi. Yamekaa miaka yote katika kopo la bati la majani ya chai, kifuniko kimeshika kutu hata ukikifungua kinalia. Nimelihamisha kutoka nyumba hadi nyumba bila kulifungua mara nyingi, na majuzi, hapa nyumbani kwangu Kagugu, nililazimika kuamua kama nilitupe au niendelee kulitunza. Utasema ni jambo dogo. Mume wangu naye alisema hivyo, na simlaumu, maana hakukulia ndani ya hofu niliyokulia mimi.

Kule Karagwe, mtoto aking'oka jino hulirusha juu ya paa la kwao na kuomba jipya. Wenzangu wote walirusha. Jino langu la kwanza lilipong'oka nilikimbia uani, nikanyoosha mkono nyuma kama mtupa mawe hodari, na Mama akaudaka mkono ukiwa bado hewani. "Hilo paa si letu," alisema. "Tutalirusha kwetu." Kwetu, kwa watu waliokimbia Rwanda na kuzalia ugenini, lilikuwa neno linalotajwa kila siku kama pepo ya mbinguni, na kama pepo hiyo hakuna mtoto aliyewahi kuiona. Baba yangu alifariki nikiwa sijajua kutembea, akiwa bado analitaja neno hilo. Mama akalifunga jino langu katika kitambaa, akalitia koponi, na mimi nikalia mpaka nikapata kwikwi. Sheria za watoto zilikuwa wazi: jino lisilorushwa linaacha pengo la milele, na ukimwonyesha mjusi pengo lako, basi ndiyo imekwisha, hutaota jino hata ukizeeka.

Tuliporudi Kigali, jenoside, yale mauaji ya kimbari, ilikuwa imepita muda si mrefu. Mji ulinuka majivu na udongo uliolowa, na ulikuwa na nyumba nyingi zisizo na watu. Watoto tuliambiwa tusiulize wenyewe wako wapi, na tuliona nyuso za wakubwa, tukaelewa kwamba jibu lingekuwa baya kuliko kutojua. Ndugu mmoja alituonyesha nyumba tupu mtaa wa Remera, tukaingia mimi na Mama na mafurushi yetu. Majirani nao walikuwa wamerudi, huyu kutoka Uganda, yule kutoka Burundi, kila mmoja na Kiswahili chake mfukoni. Nyumba ilikuwa nzuri. Ilikuwa na baraza mbele ya mlango na paa la vigae vyekundu vya udongo, na mimi nikajiambia kwamba sasa tumefika. Nikamwomba Mama kopo. Akatazama vile vigae kwa muda, akatikisa kichwa. "Bado," alisema. "Nyir'inzu azaza."

Hapo ndipo hofu yangu ilipopata jina. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuokoteza, Kiswahili ndicho kilichokuwa kinywani, na karibu kila mwanamke mtu mzima niliyemsikia akitajwa mtaani jina lake lilianza na Nyira. Kwa hiyo nilielewa kwamba Nyirinzu ni mwanamke fulani, na kwamba atakuja. Sikumuuliza mtu, na kwa kuwa sikuuliza, hakuna aliyenisahihisha. Nilimjenga mwenyewe, mrefu, mwenye shingo ya kuinama ili apite mlangoni. Kila alichofanya Mama kilithibitisha kwamba yupo. Mama hakupigilia hata msumari mmoja ukutani. Sufuria zikishaoshwa zilirudi kwenye furushi, na mafurushi yalikaa nyuma ya mlango yakiwa yamefungwa. Tulilala sebuleni tu. Vyumba vingine vilifungwa, na katika kimojawapo nilichungulia siku moja nikaona viatu vya watoto vimepangwa ukutani, vikubwa kwa vidogo, vimeshika vumbi. Mama alinivuta sikio. Aliniambia visiguswe, ni vya Nyir'inzu. Sasa mtoto mwenye akili timamu aelewe nini? Nilielewa kwamba Nyirinzu hula watoto na kubakiza viatu.

Geti likigongwa, hata na jirani aliyekuja kuomba kiberiti, Mama hakufungua kwanza. Alijibu akiwa ndani, kwa sauti ileile kila mara, "Nyir'inzu hayuko. Bado hajarudi." Majirani walimcheka. Wengine walikuwa wameshaanza kupaka rangi nyumba walizoingia, na walimwambia kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Mimi niliogopa, kwa sababu niliona kila siku anawaambia watu ukweli kwamba yule mwanamke yuko njiani. Msimu ule wa mvua meno yalining'oka mfululizo, ya mbele, ya juu na ya chini, na yote yakaingia koponi. Kuta za Remera zilijaa mijusi. Nilitembea uani nimefunika mdomo kwa kiganja, nikila kwa kujificha, nikiwa na hakika kwamba nitakua mtu mzima mwenye mdomo mtupu, kama Nyirinzu hatakuwa amenimaliza kabla.

Alikuja alasiri, mvua ilipokatika. Mama alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo, nami nimekaa karibu yake naokota mabovu. Geti likagongwa. Mama akatoa jibu lake bila kuinua kichwa, kwamba Nyir'inzu hayuko, bado hajarudi. Nje pakawa kimya. Kimya kingi kina mshindo, walisema wahenga, na mimi niliusikia ule mshindo kifuani kabla sijasikia sauti. Kisha mwanamke akajibu kwa upole, kwa Kinyarwanda, "Ni njye." Ni mimi. Ungo ukamponyoka Mama, maharagwe yakatawanyika sakafuni, na mimi nikajificha nyuma ya kanga yake nimefunika mdomo kwa mikono yote miwili.

Nyirinzu alikuwa mfupi. Viatu vyake vilikuwa na matope mpaka kwenye vifundo, na alikuwa amemshika mkono msichana wa umri wangu. Mama hakumdai ushahidi wowote, naye hakutuuliza sisi ni nani. Aliinua uso akatazama paa, kama mtu anayemtafuta aliyemwacha pale, akasema kwamba meno ya wanawe yako juu ya vigae vile. Alisema wanawe. Aliyemshika mkono alikuwa mmoja. Mama alimtazama yule msichana, akageuka kuutazama mlango wa chumba chenye viatu, akalia kwa sauti mbele yangu kwa mara ya kwanza. Nilidhani ameshaanza kuliwa.

Kuhama hakukutusumbua, mafurushi yalikuwa yamefungwa tangu siku ya kwanza. Yule mama ndiye aliyetuzuia, akasema tukae mpaka tupate pa kwenda, na kwa muda tuliishi wote chini ya paa moja. Binti yake alikuwa na pengo kama langu na hakuogopa mijusi hata kidogo. Yeye ndiye aliyenieleza, huku akinicheka mpaka akashika tumbo, kwamba nyir'inzu si jina la mtu, ni mwenye nyumba tu. Ungedhani hofu yangu ingeisha hapo. Haikuisha, ilikomaa. Zimwi unaweza kulifungia mlango. Mwenye nyumba akija utamfungia mlango gani, na ni wake? Nilijifunza mapema kwamba popote unapokaa kuna mtu mwenye haki ya kugonga na kusema ni mimi, na kazi yako ni kuwa tayari umefunga furushi. Tukapanga chumba, tukapanga kingine, na kila paa nililolitazama nililiona lina meno ya watoto wengine.

Sasa nina nyumba yangu Kagugu, hapahapa Kigali, tumeijenga mimi na mume wangu, paa lake la mabati. Mama anaishi nasi. Kabati lake lina nafasi ya kutosha, lakini nguo zake zimo katika furushi miguuni pa kitanda, na hakuna anayethubutu kulifungua. Majuzi binti yangu Keza aling'oka jino la kwanza. Alilileta kiganjani, damu haijakauka, akauliza alirushe upande upi. Nikasikia kinywa changu kikisema, "Tulitunze kwanza." Sikufikiri. Lilitoka lenyewe, kwa sauti ya Mama, na liliniogopesha kuliko kitu chochote nilichowahi kukisema. Nilikuwa tayari nimekwenda kulichukua kopo. Mume wangu aliyekulia Uganda na kuwaachia kuku wa huko meno yake, kama anavyodai, alilifungua, akalifunga upesi, akasema hivi ni vitu vya mganga. Gari la taka linapita Alhamisi, nilitie kwenye gunia tupumue. Nikaona ana haki. Mtoto asirithi woga wangu. Nikalitia kopo kwenye gunia chini ya maganda ya ndizi, na tangu hapo kila nilipopita karibu na gunia lile moyo ulinidunda kama nimemtupa mtu.

Alhamisi geti likagongwa. "Nyir'inzu iko?" mzoa taka aliita, kwa Kiswahili cha hapa mjini, ambamo neno "iko" linamtosha mtu, mbuzi na gari. Nilikuwa jikoni, mikono ina sabuni. Mama alikuwa barazani na ungo wake mapajani, Keza ubavuni mwake. Kabla sijafuta mikono nikamsikia Mama akijibu bila kuinua kichwa, kwa sauti ileile ya Remera.

"Nyir'inzu hayuko. Bado hajarudi."

Keza akamtazama bibi yake, kisha akanitazama mimi mlangoni, akisubiri nicheke. Sikuweza. Niligundua kwamba katika nyumba niliyoijenga mwenyewe hakuna siku niliyowahi kulijibu swali lile. Niliogopa kwamba nikisema, sauti nyingine itatoka nje ya geti kunikanusha. "Ni mimi," nilisema, na sauti ilitoka ndogo. Nikarudia. "Nyir'inzu ni mimi. Nakuja." Yule mwanamke mwenye shingo ya kuinama, niliyemkimbia utoto wangu wote, kumbe nilikuwa namngoja niwe yeye. Nilifungua geti, na mbele ya mzoa taka nikaingiza mkono katika gunia mpaka kwenye kiwiko, nikatoa kopo. Alinitazama kwa adabu, akachukua gunia lake akaenda.

Tulikwenda uani. Keza akatangulia, akarusha jino lake alilokuwa amelitunza, likagonga bati. Nikaanza kurusha yangu. Mengine yalikaa juu, mengine yaliviringika mpaka kwenye mfereji wa mvua, na kila mlio ulinishtua kana kwamba nimevunja kitu cha watu. Nilipofika kwenye jino la mwisho, mkono ukiwa nyuma, ukadakwa hewani. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilijua atakachosema, na nilijua kwamba akisema paa hili si letu nitamwamini.

"Bakisha moja," alisema. "Huwezi kujua."

Remera ya leo siijui tena. Kuna maduka na taa pale tulipookota maharagwe, na geti langu linagongwa na mzoa taka, na majirani wanaokuja kuomba chumvi. Keza anapita mbele ya mijusi akicheka na pengo lake wazi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Mama ameumwa mara nyingi kuliko anavyosimulia. Sikubishana naye. Nililirudisha lile moja, nikafunga kifuniko, nikaliweka kopo juu ya kabati. Halitoi tena sauti ya punje nyingi. Ukilitikisa, jino linagonga bati mara moja, kama mtu aliyefika getini.