Nyuki wa Kalliopi Hawajui Ni Msimu Gani

Saa nne asubuhi, katikati ya Januari, Kalliopi Fatsea anafunua mzinga wa tisa na kubaki ameshika kifuniko hewani. Juu ya masega wanatembea nyuki madume, wanene, hawana habari.

"Nyinyi mnafanya nini hapa?" anawauliza.

Ana haki ya kuuliza. Hapa Kythira, kisiwa cha Ugiriki, madume hufukuzwa mzingani kabla ya baridi, maana hawafanyi kazi na wanamaliza akiba. Safari hii hawakufukuzwa. Nyuma ya zizi mlozi umechanua tangu Krismasi, na malkia wanataga kama vile baridi imekwisha na ni Aprili.

Kalliopi, mwenye miaka sitini na moja, alirithi mizinga sita kwa baba yake. Leo anayo ishirini na minane. Zamani kila mmoja ulimpa kilo kumi na nne za asali ya zaatari, kimmea cha kunukia cha milimani. Kiangazi kilichopita zaatari ilikauka kabla ya kuchanua. Akaambulia kilo nne kwa mzinga.

"Zamani nilikuwa najua," anasema. "Sasa nabahatisha tu."

Akiwapa nyuki maji ya sukari, watazidi kuzaana, na baridi ikirudi watoto watakufa. Asipowapa, njaa itawamaliza wote. Alimpigia simu mtaalamu mmoja wa kilimo.

"Akaniuliza, 'Wewe unaonaje?' Ningekuwa naona, ningempigia?"

Aliyekuwa na jibu ni Panagis, mdogo wa marehemu mumewe, mfuga mbuzi.

"Shemeji, wahamishie bondeni kwenye kivuli. Wakisikia baridi watatulia."

"Au watakufa."

"Au watakufa. Lakini si utakuwa umejua?"

"Mbuzi wako ndio wamekufundisha hayo?"

Hata hivyo alikubali nusu. Mizinga kumi na minne ikapanda pikapu ya Panagis kwenda bondeni. Kumi na minne ikabaki nyumbani, ikipewa sukari.

Februari upepo wa kaskazini ulivuma siku nne, na mvua ya mawe ikapukutisha maua yote ya mlozi. Kalliopi hakutoka nje. Anasema alikuwa akisimama dirishani na kurudi kukaa, hajui awalilie wa bondeni au wa nyumbani.

Machi alikwenda kusikiliza, sikio kwenye ubao, mzinga mmoja mmoja. Bondeni, mitatu ilikuwa kimya. Nyumbani pia, mitatu.

"Tatu huku, tatu kule!" anasema, akipangusa macho kwa mkono wa glavu. Hajui kama analia au anacheka. "Sasa hapo nimejifunza nini?"

"Kwamba mimi sikukosea," Panagis anadakia.

"Wala hukupatia."

Mizinga ishirini na miwili iliyobaki ataigawa mafungu matatu vuli ijayo: nyumbani, bondeni, na kule juu kilimani kwenye upepo.

"Sijui ni wapi patakuwa sawa," anasema. "Ila hawawezi kukosea wote siku moja."