Wakwe Hawapiti Kwenye Mapipa

Mlango wa mbele wa jengo letu ulizibwa kwa ubao, na karatasi iliyobandikwa juu yake ilisema, kwa Kifaransa na Kiholanzi, kwamba ni kwa muda mfupi, hadi ukarabati uishe. Baridi ya pili ilipokwisha, maandishi yalikuwa yamefifia hata lugha zote mbili zikafanana. Sisi wapangaji wa hizi nyumba za manispaa, hapa Anderlecht, tulikuwa tunaingia kupitia chumba cha mapipa ya taka. Unabana pumzi, unasukuma mlango wa chuma kwa bega, unapita katikati ya mapipa, ndipo unazifikia ngazi.

Mengine niliyazoea. Nilizoea vumbi, na wavu wa majukwaa ya mafundi uliofanya sebule yangu iwe kama kitanda chenye chandarua. Nilizoea hata keekee ya kutobolea kuta, iliyoanza kila niliposhika kalamu na kunyamaza kila nilipokata tamaa.

Kisha jirani yangu wa ghorofa ya tano akanisimamisha ngazini. Ni mama wa Bukavu, anatunza wazee majumbani mwao, na amemlea binti yake peke yake. Familia ya kijana aliyemchumbia binti ilikuwa inakuja Jumamosi kutoka Liège, kuposa rasmi.

"Papa, weye ulisoma," akaniambia. "Uongee na bale bafundi ba chantier. Bafungule mulango, hata siku moja tu. Bakwe habawezi kupita mu poubelle."

"Nitawaandikia."

"Usibaandikie. Uongee."

Nikaandika. Ilikuwa barua pepe ya Kifaransa safi, yenye hoja zilizopangana kama za tasnifu, na sentensi moja niliyoipenda kiasi cha kujisomea kwa sauti. Jibu lilikuja papo hapo, kutoka kwa mashine: ujumbe wako umepokelewa.

Basi nikaenda mwenyewe kwenye kontena la ofisi yao, lenye joto kuliko chumba chochote cha jengo letu. Msimamizi, mwanamke mpole, akanieleza kwamba mlango wenyewe umekwisha kitambo. Uko pale nyuma ya ubao, mpya, unafunguka vizuri. Ila mkaguzi wa milango anamngoja mkaguzi wa kengele, naye wa kengele hawezi kukagua kengele za mlango ambao haujakaguliwa.

"Sasa tufanye nini?"

"Tungoje, monsieur," akasema, kwa upole ule ule.

Jumamosi jirani yangu na dada zake walisugua chumba cha mapipa, wakayasukumia mapipa pembeni, wakayafunika vitenge, wakatandika zulia la sebuleni kwake na kupuliza manukato. Kikanukia kama jalala lililoalikwa harusini. Mimi, katika suti, niliwekwa hapo kupokea wageni. Mvua ikanyesha. Mgeni hakuja hata mmoja.

Simu ikalia; ni jirani yangu, kutoka juu. "Bako wapi?"

"Hawajafika."

"Banasema bamefika. Banasema bako ku mulango."

Nikalizunguka jengo. Mbele ya ule ubao walisimama wakwe, wamevaa wakapendeza, vilemba vimelowa, na mjomba mmoja mwenye kofia, tonton wao na msemaji wao, alikuwa anauhutubia ubao kwa sauti. Kwao ni desturi: upande wa binti huuzuia mlango, na wageni husihi mpaka wafunguliwe. Walipoona misumari, mnyororo na kibao cha hatari, waliamua kwamba familia hii haina mchezo.

"Tumeimba mara mbili," tonton akaniambia. "Bado munataka nini? Mbuzi?"

Nikamweleza habari za wakaguzi. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Donc mulango iko muzima."

"Ndiyo."

"Na hamufungule."

"Hatuna ruhusa."

Nikampeleka aone njia nyingine. Akachungulia vitenge, akavuta hewa kidogo, akarudi nyuma.

"Hapana," akasema bila hasira. "Mugeni wa posa hapite kwa takataka. Tutarudi siku mutafungula."

Siku hiyo haikujulikana hata na walioujenga mlango. Nilimpigia jirani yangu simu nikamwambia ashuke, maana wanaondoka.

Alishuka na viatu vyake vya kisigino, akapita mapipani, akazunguka jengo, akaja kusimama akiupa ubao mgongo, kama mtu aliyetoka humo sasa hivi.

"Ba papa, ba maman," akasema, "munatafuta nini ku nyumba yangu?"

Tonton, aliyekwisha kutoa funguo za gari, alisita. Lakini swali lile la posa lina jibu lake, na mtu aliyelelewa vizuri haliachi hewani. Akavua kofia. Akasema walichofuata, akamsifu binti na ukoo wake, akaomba, mvua ikimnyeshea upara. Jirani yangu hakumkatiza hata neno.

"Bon. Nimewapokea," akasema mwishoni. "Kuanzia sasa hamuko tena bageni. Muko ba famille." Akaelekeza mkono kwenye kona ya jengo, upande wa mapipa. "Na ba famille banapitaka fasi tunapitaka."

Tonton aliutazama ubao, akamtazama mama, akanitazama mimi kana kwamba misumari ile niliipigilia kwa mkono wangu. Akakunja suruali vifundoni, akatangulia.

"Hata kwetu Liège tunapitaka mu parking," shangazi mmoja akasema nyuma yake, tulipokuwa katikati ya mapipa. "Tangu mwaka jana."

Tonton akamwambia anyamaze, lakini alimwambia kama mtu anayesema akiwa nyumbani kwake.