Kilo Kumi na Tano Nilizomficha Daktari

Nilimpima dada yangu kwenye mizani ya mizigo, uwanja wa ndege wa Juba, dakika chache baada ya kushusha hapo jeneza la mtu mwingine.

Msicheke. Ilikuwa Desemba 2013, vita vina siku tatu, na mizani ya zahanati ya mtaani kwetu Gudele inaishia kilo mia na hamsini.

Erina alikuwa anauza vitenge. Mnene haswa, na kwetu Waganda mwili ni heshima. Siku hizo alijikunja kitandani, jiwe limeziba figo, homa haishuki.

Mimi kazi yangu ni kupakia mizigo hapo uwanjani. Risasi zinalia, napakia. Nilishaacha kuhisi kitu, si woga, si huruma.

Daktari wa Kampala aliniambia kwenye simu: "Kizza, mpime sawasawa. Mashine yetu ya kuvunja mawe, meza yake mwisho mia na sitini."

Mizani ikasoma 173.

Erina akanishika mkono. "Usimwambie. Watanikataa, nitafia hapa."

Nikatuma: 158. Uongo kiduchu tu, nikajiambia.

Tukapata ndege ya Entebbe. Mizani ya wodini Kampala nayo ikagota, nesi akaandika zile zile kilo nilizotuma. Erina akalazwa kwenye mashine. Meza wala haikulia. Si mnaona?

Siku mbili, jiwe liko palepale.

Daktari akaniita. "Huyu ana kilo ngapi, kweli?"

Nikasema.

Akavua miwani. "Ningejua, nisingemgusa kwa mashine. Kwa mtu mzito hivi mawimbi yake hayafiki kwenye jiwe. Tunapitisha mrija mwembamba njia ya mkojo, tunalivunjia huko ndani. Huko kilo si tatizo."

"Basi fanya, daktari."

"Anayeijua kazi hiyo alikuwepo mpaka jana asubuhi. Ameenda kwao Krismasi. Na figo imeshajaa usaha, haingoji. Tunaitoa leo."

Nikasaini. Sikulia. Nilitoka getini nikala chapati mbili, nikanywa na chai.

Erina alipozinduka akanitafuta kwa macho. "Kaka, unaona walivyonipokea? Ulinisaidia sana."

Nikasema, "Pole, dada. Lala."

Mpaka leo hajui kwamba uongo ule ndio uliompotezea figo. Nyinyi ndio wa kwanza kuwaambia.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Anayemfichia mwenzake hawakumsema, labda waliona aibu. Daktari akikuuliza uzito, mpe wote. Anauliza ajue pa kupitia.