Alama ya Skrubu Kwenye Sabuni

Mume wangu ni fundi wa malori, na mtaani wanamwita Jeki. Kinyozi hajinyoi, hilo nalijua, lakini wangu amezidi. Mlango wa choo chetu una mwaka wa tatu bila komeo, na ukimkumbusha anakuuliza kama kuna lori limekwama humo ndani.

Basi mashine ya kufulia ilipokataa kutoa maji, nikasema tumwite fundi. Jeki akanikazia macho kana kwamba nimemtukana. "Fundi yupi? Kwani mimi ni nani?"

Siku nyingine ningemwachia kiburi chake. Lakini mkono wangu wa kulia ulikuwa kwenye plasta tangu nilipoteleza ngazini, na mama yake, ambaye tunaishi naye, mkojo haumsubiri tena. Kila asubuhi kuna shuka mbili, mara nyingine tatu. Siku ya kwanza Jeki alizibeba akazifue mwenyewe, mama akamnyang'anya beseni. "Sikukuzaa uje kunifulia haya." Dobi naye, mama hakutaka hata kumsikia, maana dobi ana mdomo, na mashine haina. Nikabaki mimi, nafua kwa kukanyaga kwa miguu, na shuka haikamuliwi kwa mkono mmoja. Zilichuruzika kwenye kamba hadi jioni, na mama akizitazama kutoka dirishani.

Mashine hiyo hufunguliwa kwa nyuma, skrubu nne. Kichwa cha kila moja kina nyota ya ncha sita, na katikati kimesimama kijiti kidogo, kilichowekwa na mtu asiyetutakia mema. Jeki alikuja na sanduku lake la kazini. Akajaribu bisibisi bapa, akajaribu koleo, akajaribu kisu cha jikoni, tena kile changu kizuri. Siku ya tatu akaleta patasi na nyundo, akaigonga skrubu ya kwanza mpaka ikabaki shimo la duara, haina nyota wala mwezi.

"Sasa umefungua nini?" nikamuuliza.

"Inaanza kulegea."

"Kinacholegea ni mkono wangu kwa kukushikia tochi!"

Kesho yake nilikata kipande cha sabuni ya mche, nikakikandamiza juu ya skrubu iliyosalimika hadi nyota ikajichora, nikakifunga kwenye leso na kutoka. Mwenye duka la vifaa alikinusa kwanza.

"Hii sabuni, mama."

"Najua ni sabuni, baba. Tazama alama!"

Akatazama, kisha akaniletea bisibisi ileile tuliyonayo nyumbani. Duka la pili waliniapia kwa kila kiapo kwamba nataka ufunguo wa pembe sita. Nikaupima palepale kwenye sabuni, haukukaa. Jua lilikuwa kali, sabuni inaanza kulainika, na mimi natembea nayo nimeikumbatia kama kifaranga. Aliyeielewa ni fundi simu. Akatoa bisibisi yenye ncha hiyohiyo, ina tundu katikati, ila nyembamba kama sindano. "Umbo ndilo, ukubwa sio," akasema. "Nenda kwa fundi friji. Yeye anayo kubwa."

Nilitaka kulia. Fundi friji na Jeki wanafanya kazi ukuta kwa ukuta, na wametaniana mpaka utani umechacha. Jeki humwita muuza barafu mbele ya wateja wake. Nilikwenda hivyohivyo. Aliitupia sabuni jicho moja, akavuta droo, ikawa ile pale.

"Niazime, shemeji. Nitairudisha leoleo."

"Shemeji, chombo changu hakitoki bila mimi. Nimeshaazima vingi, sijaviona tena. Mwambie Jeki aje aniite, nitakuja naye."

Nilipomfikishia ujumbe, Jeki akasema ni heri afungue mashine kwa meno kuliko kupiga hodi kwa muuza barafu. Nilimwita majina ambayo sikujua kama ninayajua.

Siku ya sita shuka za mama ziliamka kavu. Nikafurahi, mpumbavu mimi. Siku ya saba zikawa kavu tena. Alipotaka kusimama aliyumba akashika ukuta, na nikaona midomo yake imepasuka. Jagi la maji kando ya kitanda lilikuwa limejaa vilevile nilivyoliacha jana.

"Mama, hunywi maji?"

Akautazama mkono wangu. "Mkono wako upone kwanza, mwanangu."

Nilimsihi, akalowesha midomo tu. Jeki nilimkuta nyuma ya mashine, safari hii na msumeno wa chuma. Sikupiga kelele, zilikuwa zimeniishia.

"Mama ameacha kunywa maji ili asilowanishe kitanda."

Aliuweka msumeno chini. Akatoka na kandambili miguuni, hata shati hakufunga vifungo.

Sijui alimwambia nini mwenzake, na sijamuuliza mpaka leo. Fundi friji aliingia mikono mitupu, na nyuma yake Jeki amebeba mkoba wa zana za mwenziwe. Skrubu tatu zilifunguka kama mchezo. Kwenye ile ya nne fundi friji akainua kichwa.

"Nani ameitafuna hii?"

"Mimi," Jeki akasema.

Iliwachukua saa nzima kuitoboa. Kwenye pampu palikuwa na kifungo na donge la nyuzi, basi. Wakasafisha, wakafunga, fundi friji akaaga. Nikatia shuka moja, mashine ikanguruma, ikavuta maji, ikayatema.

Mama alikuwa ameshatoka chumbani. "Imepona, au mnaijaribu?"

"Imepona, mama," Jeki akamjibu.

Hakumwamini. Alivuta kiti akaketi mbele ya mashine hadi ilipozunguka mara ya mwisho na kutulia. Akaomba shuka, akaibinya kwa vidole viwili, halikutoka tone. Ndipo akamwambia mwanawe ampe maji. Alikunywa bilauri nzima bila kupumua, akamnyooshea aongeze.